Kuuliza si ujinga, hata penye majeruhi

Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni

Leo nina deni la kulipa. Msikilizaji mmoja wa hapa mjini ameniandikia barua ya kurasa nne, yenye uchungu mwingi. Anasema mpwa wake, mtoto wa dada yake, aligongwa na gari akiwa juu ya bodaboda, akakimbizwa katika hospitali moja kubwa. Pale mapokezi, huku kijana anatokwa damu na mama yake analia, alikuja daktari kijana mwenye karatasi mkononi. Akamwomba mjomba mtu asikilize maelezo, kisha atie sahihi ili mgonjwa aingizwe katika utafiti. Mjomba akakataa katakata. Kijana alitibiwa, akapona, na sasa anatembelea magongo. Lakini hasira ya mjomba haijapoa. Ananiuliza: "Hospitali ni mahali pa kutibia watu au pa kufanyia majaribio? Na hawa wanaojifunza, kwa nini wajifunze kwa damu yetu? Si wakamalize shule kwanza ndipo waje watuguse?"

Swali hili si la mtu mmoja. Nimelisikia ndani ya daladala na nimelisikia msibani. Wala si swali la kijinga. Limebeba mambo mawili, utafiti na mafunzo, na yote mawili yanagusa uhai wa mtu. Kwa hiyo naomba tulijibu polepole.

Kwanza tujue ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba majeraha ya kila aina, yaani ajali, kuanguka, kuungua, kuzama, vipigo na mengineyo, huua watu wapatao milioni 4.4 kila mwaka. Barabarani peke yake walikufa watu milioni 1.19 mwaka 2021, na zaidi ya tisa katika kila kumi walifia katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama hizi zetu. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, barabara ndiyo muuaji wa kwanza. Hao ndio tuliowasomesha, ndio tunaotazamia watulee uzeeni.

Sasa, majeruhi si kama mgonjwa mwingine. Mwenye henia ataambiwa aje Jumatatu, daktari bingwa akirudi. Majeruhi hana Jumatatu. Njia ya hewa ikiziba, zimebaki dakika chache. Damu ikimwagika ndani ya kifua au tumbo, pasipoonekana kwa macho, zimebaki saa chache. Na anayempokea saa nane za usiku si profesa. Ni muuguzi wa zamu na daktari kijana, pengine na mhudumu mmoja wa kusukuma machela. Anachokijua muuguzi yule usiku ule ndicho hospitali inachokijua. Maarifa mengine yote, hata yakijaa maktaba nzima, hayamfai kitu yule aliyelazwa mbele yake.

Jambo hili halikuanzia kwetu, wala si la maskini peke yao. Mwezi Februari mwaka 1976, daktari wa mifupa wa Kimarekani aitwaye James Styner alikuwa akirusha ndege yake ndogo pamoja na mkewe na watoto wao wanne. Ndege ikaanguka shambani katika jimbo la Nebraska. Mkewe alikufa papo hapo. Watoto watatu waliumia vibaya, naye mwenyewe aliumia. Aliwatoa watoto, akatafuta gari barabarani, akafika hospitali ndogo ya shamba. Alichokikuta pale kilimshtua. Waliokuwapo hawakujua waanze na lipi. Baadaye alisema, kwa maana hii, kwamba kama yeye kule shambani, akiwa na mikono mitupu, aliweza kuwahudumia wanawe vizuri kuliko hospitali, basi kuna kasoro katika utaratibu wenyewe.

Styner hakuishia kulalamika. Yeye na wenzake walitunga kozi fupi yenye mpangilio mmoja unaokumbukika hata na mtu aliyeshikwa na hofu: anza na njia ya hewa, fuata pumzi, kisha damu, kisha ubongo, kisha mvue nguo umkague mwili mzima. Kozi ya kwanza ilifanyika mwaka 1978. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa upasuaji wa Marekani kiliichukua, na leo imefika katika nchi zaidi ya 80. Hapo mtu angedhani mambo yamekwisha: fundisha mpangilio, watu watapona.

Lakini ngojeni kidogo. Mwaka 2014 watafiti walipitia tafiti zote walizoweza kuzipata juu ya kozi za namna hii, wakitaka kujua jambo moja tu: je, hospitali ikiwafundisha watu wake, majeruhi wanaokufa hupungua? Walikuta ushahidi kiasi kwamba waliofundishwa huongeza maarifa. Ila hawakupata hata utafiti mmoja wa kulinganisha kwa haki ulioonyesha kwamba vifo hupungua. Tusielewe vibaya. Hawakusema kozi hazina faida. Walisema hakuna aliyepima sawasawa. Kozi imezunguka dunia nzima zaidi ya miaka 30, fedha nyingi zimetumika, na swali kubwa kuliko yote lilikuwa bado halijajibiwa.

Pengine mtu atasema: lakini jambo jema si linajulikana tu kwa akili ya kawaida? Hapana, ndugu yangu. Na hapa ndipo naomba mjomba wetu asogeze kiti karibu na redio.

Mtu akiumia kichwa, ubongo huvimba ndani ya fuvu. Fuvu ni mfupa, halitanuki, na uvimbe huo huua. Ziko dawa ziitwazo steroidi ambazo hupunguza uvimbe. Basi madaktari wakaona: uvimbe unaua, steroidi inapunguza uvimbe, kwa hiyo tumpe mgonjwa steroidi. Nani angebisha? Kwa zaidi ya miaka 30 dawa hizo zilitumika kwa waliopasuka vichwa, hapa mahali na pale mahali, kila daktari na imani yake. Wengine waliokoka, na daktari akaisifu dawa. Wengine walikufa, na ikasemwa kwamba jeraha lilikuwa kubwa.

Ndipo watafiti walioongozwa kutoka London wakaanzisha utafiti ulioitwa CRASH. Walikusudia kuandikisha majeruhi 20,000 wa kichwa katika nchi nyingi. Kila mmoja alipata matibabu yote ya kawaida. Juu ya hayo, nusu walitiwa steroidi, na nusu walitiwa maji yasiyo na dawa. Chupa zilifanana, hata daktari hakujua ipi ni ipi. Nani apate ipi iliamuliwa kwa bahati nasibu.

Najua hapo mjomba atashtuka: bahati nasibu kwa uhai wa watu! Lakini fikirini. Daktari akiachiwa achague, atampa dawa yule anayeonekana bado ana nguvu. Yule akipona, dawa itasifiwa kwa kazi iliyofanywa na mwili wake mwenyewe. Bahati nasibu haina upendeleo. Ni kama mizani ya sokoni ambayo muuzaji hakuiwekea kidole.

Utafiti haukufika 20,000. Ilikuwapo kamati ya kuchungulia hesabu wakati kazi inaendelea, na mwaka 2004 kazi ilisimamishwa wakiwa wameandikishwa watu 10,008. Katika kila majeruhi 100 waliopewa steroidi, 21 walikuwa wamekufa katika majuma mawili. Katika kila 100 ambao hawakupewa, walikufa 18. Dawa iliyoaminiwa kwa zaidi ya miaka 30 ilikuwa ikiongeza vifo, watu watatu kwa kila mia. Pigeni wenyewe hesabu ya waliopitia mikononi mwa madaktari wema, wenye shahada zao, waliomaliza shule zao, katika miaka yote ile.

Kwa hiyo, ndugu yangu mjomba, unapouliza kwa nini hospitali inafanya majaribio, nami nakuuliza: je, kumpa mtu dawa ambayo haijapimwa si jaribio? Tena ni jaribio baya kuliko yote, kwa sababu halina daftari, halina kamati ya kulisimamisha, na halimfundishi mtu kitu. Steroidi zilikuwa jaribio la miaka 30 lisiloandikwa popote.

Sasa niwape upande wa pili, wenye furaha. Kule Japani, mtafiti mwanamke, Utako Okamoto, pamoja na mumewe Shosuke, walitafuta dawa ya kuzuia damu isimwagike. Ilikuwa miaka ya umaskini baada ya vita. Mama huyu alikuwa akiwafikiria zaidi wanawake wanaokufa kwa kutokwa damu baada ya kujifungua. Mwaka 1962 walitangaza dawa iitwayo asidi ya traneksamiki. Kazi yake ni rahisi kueleza. Mwili ukijeruhiwa, damu huganda ili kuziba tundu. Lakini mwili huohuo una namna ya kuyeyusha damu iliyoganda, na kwa majeruhi mkubwa uyeyushaji huo huja mapema mno, kizibo kikang'oka. Dawa hii huzuia kizibo kisiyeyuke.

Miaka ikapita. Dawa ilitumika kwa hedhi nzito, kwa kung'oa meno, na katika upasuaji. Kwa majeruhi wa ajali hakuna aliyejua. Ikawa mpaka utafiti wa pili, CRASH-2, uliotangazwa mwaka 2010. Humo waliandikishwa majeruhi 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40, wengi wao katika nchi kama India, Colombia, Nigeria na Misri. Waliopata dawa walikufa 14.5 katika kila mia, na waliokosa 16. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini majeruhi ni mamilioni. Dawa yenyewe ni ya bei nafuu, wala haidai mashine. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya majeruhi.

Na mizani ileile ikatoa onyo. Aliyepewa dawa ndani ya saa moja alifaidika zaidi. Ndani ya saa tatu bado ilimfaa. Baada ya saa tatu, waliopewa walikufa kwa damu zaidi kuliko waliokosa. Dawa ileile, kipimo kilekile, mtu yuleyule. Kilichobadilika ni saa ya ukutani. Jambo hili hakuna daktari ambaye angeliona kwa uzoefu wa macho yake, hata angefanya kazi miaka 40.

Tangu 1962 hadi 2010 ni miaka 48. Dawa ilikuwapo katika makabati ya duniani, na majeruhi walikuwa wakitokwa damu hatua chache kutoka hapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kwa utaratibu na kuandika jibu. Mama Okamoto alifariki mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 98, nasi tunafurahi kwamba aliwahi kusikia habari hiyo.

Sasa turudi kwenye mafunzo, maana hapa sina maneno matamu. Utafiti ukishachapishwa London haupandi basi kuja wodini. Muuguzi wa zamu ya usiku asipoambiwa habari ya saa tatu, kwake utafiti ule haujafanyika. Na sisi tunavyofundishana twajijua. Semina inaitishwa hotelini. Anakwenda mkubwa wa idara ambaye hajashika mgonjwa miaka mingi, kwa sababu semina ina posho. Yule anayeshika machela anabaki kazini, maana zamu haina mtu. Mkubwa anarudi na mkoba na cheti. Cheti kinapigiliwa ukutani, mkoba unakwenda nyumbani, na wodini mambo ni yaleyale. Miezi sita baadaye wale wachache waliojifunza wanahamishiwa wodi nyingine au wilaya nyingine.

Lakini kuna mifano ya kwetu ya kujivunia. Katika miaka ya 1990, kule Kampala, Dakta Olive Kobusingye na wenzake waliona kwamba vipimo vya Ulaya na Marekani vya kupima ukubwa wa majeraha vinadai mambo ambayo hospitali ya kwetu haina. Hawakulia. Walitunga kipimo chao, kinachojulikana kama Kipimo cha Kampala, chenye maswali matano: umri, idadi ya majeraha makubwa, presha ya damu, kasi ya kupumua, na hali ya fahamu. Muuguzi anakijaza hapo hapo kitandani. Kwa karatasi hiyo hospitali inaweza kujua ni majeruhi wangapi walikuja, wa namna gani, na nani walikufa ambao walipaswa kupona. Hapo ndipo utafiti unapoanzia, kwenye kalamu ya muuguzi.

Kampala hawakuishia hospitalini. Waliwafundisha watu 307, polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa, namna ya kumhudumia majeruhi barabarani. Kama saa tatu zinaanza kuhesabiwa palepale gari lilipogonga, basi dereva naye ni sehemu ya hospitali.

Hapa Tanzania, Muhimbili ilifungua idara ya tiba ya dharura mwaka 2010, na mwaka huohuo yakaanza mafunzo ya madaktari bingwa wa dharura. Tena ipo kozi ya siku tano ya huduma ya msingi ya dharura, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 pamoja na Shirika la Kimataifa la Msalaba Mwekundu. Kabla haijatangazwa ilijaribiwa Tanzania, Uganda na Zambia. Imetungwa kwa ajili ya muuguzi na tabibu ambaye hana mashine kubwa. Hiyo ndiyo inayopaswa kumfikia mtu wa zamu ya usiku, tena si mara moja. Mkono usahaulishwao kwa mwaka mzima hauwezi kukumbuka katika dakika mbili.

Wakubwa wa hospitali nawaomba mambo matatu, wala si ya fedha nyingi. Wafundisheni wanaoshika majeruhi, tena wodini kwao, saa moja kila juma, kwa zamu. Pili, wekeni daftari la majeruhi na lijazwe. Tatu, kila kifo kijadiliwe asubuhi kwa swali la "kwa nini", na lile la "nani" liwekwe kando. Penye kutafuta wa kulaumiwa, watu huficha, na kilichofichwa hakifundishi.

Na watafiti nao nina neno nao. Wapo wanaokuja na magari yao, wakachukua damu na majibu yetu, wakaondoka, na muuguzi aliyewajazia karatasi hajui mpaka leo walipata nini. Hiyo ndiyo inayozaa hasira ya mjomba. Matokeo yarudi pale yalipochukuliwa, kwa lugha ambayo watu wa pale wanaielewa.

Mwisho, nikujibu wewe ndugu yangu. Ulikuwa na haki ya kukataa. Mpwa wako alitibiwa hata hivyo, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Popote ambapo mtu ananyimwa matibabu kwa kukataa utafiti, hapo pana uovu na ni wa kushtakiwa. Majeruhi aliyepoteza fahamu hawezi kujisemea, ndiyo maana huulizwa ndugu. Na ndugu asipokuwapo, ni lazima kamati ya maadili iwe imekwisha kuweka masharti mapema. Hapa nchini Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ndiyo yenye dhamana ya kuzipitia tafiti za namna hii.

Ila siku nyingine ukiletewa karatasi, usikatae kwa hasira wala usikubali kwa hofu. Uliza. Mnapima nini? Tiba ya kawaida ataipata? Kamati gani imewaruhusu? Majibu tutayasikia lini? Daktari mwenye kazi safi atafurahi kuulizwa. Na yule daktari kijana umsamehe. Ulimwambia akamalize shule, lakini waliomaliza shule miaka ya 1990 na wasirudi tena darasani ni walewale walioendelea kutoa steroidi. Kazi ya majeruhi haina mahafali.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutazungumza mengine. Wenye pikipiki, vaeni kofia zenu, na abiria naye avae. Kwaherini.